Mpango wa Miaka Minane wa Mama Chupa

Ndani ya mlango wa kabati la stoo ya maabara palibandikwa karatasi ambayo asiye na ufunguo hakuiona. Ilikuwa mgongo wa kalenda kubwa, umegawanywa kwa rula vyumba kumi na sita, muhula kwa muhula, miaka minane. Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja, na karatasi ilikuwa yake.

Wanafunzi walimwita Mama Chupa, maana ukimtafuta kazini utamkuta anaosha chupa. Alikuwa mtayarishaji wa maabara ya kemia pale chuoni kwa miaka ishirini na moja. Wahadhiri walikuja na kuondoka. Baadhi yao aliwafundisha mwenyewe, wakiwa wanafunzi, kuwasha moto wa gesi bila kuunguza nyusi, nao wakarudi na shahada zao wakimtuma awaletee kalamu. Hilo lilimkera. Alimezea miaka mingi, halafu siku moja akajifunga kibwebwe akajisajili shahada ya kwanza, masomo ya muda wa ziada, katika umri ambao wenzake walikuwa wanapanga harusi za watoto.

Chuo kilimwambia jambo moja waziwazi: una miaka minane, haiongezwi hata siku. Ikipita, usajili umekufa, na masomo yote uliyofaulu yamekufa nao.

Basi akapanga. Tusimcheke, alipanga vizuri kuliko wengi wetu. Hesabu, iliyokuwa inamtoa jasho, aliiweka mwanzo kabisa. Muhula ambao mwanawe wa mwisho alikuwa na mtihani wa taifa aliupa somo moja tu, ili apate kumsimamia. Mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba, ndiye aliyempigia ile mistari, na alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili kuitazama.

"Mke wangu, kuna maghorofa yamejengwa bila ramani kama hii."

Somo rahisi kuliko yote, kemia kwa vitendo ya mwaka wa kwanza, ambalo angelifanya amefumba macho, alilisukuma mpaka chumba cha kumi na sita. Hicho ni kiporo, alisema, nitakila nikiwa nimeshachoka. Na kweli, miaka saba na nusu ilipopita vyumba kumi na vitano vilikuwa na alama ya vema, kikabaki kile kiporo.

Wiki moja kabla ya mtihani ikaja bahasha, kama kila mwaka: "Kwa mtayarishaji wa maabara. Siri." Mikono yake iliichana kabla kichwa hakijafika. Alisoma chumvi ipi iwekwe chupa namba ngapi, akanyoosha mkono kushusha mkebe wa kwanza, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba safari hii yeye pia ni mtahiniwa. Akakaa juu ya kreti tupu.

Hakuna aliyemwona. Orodha ya watahiniwa ilikuwa na jina lake kamili, na katika jengo lile zima sidhani kama walikuwapo watu watatu waliolijua. Angenyamaza tu, yangekwisha. Alikaa pale karibu nusu saa akijaribu kunyamaza, ikamshinda.

Akaenda kwa Daktari, mhadhiri wa somo lile, mmoja wa wale waliowahi kuunguza nyusi mbele yake.

"Daktari, hii nimeifungua."

"Si yako hiyo, Mama? Kila mwaka unaifungua."

"Mwaka huu mimi ni namba thelathini na nne."

Daktari akavuta orodha, akashuka nayo kwa kidole. "Huyu ni wewe? Muhula mzima najiuliza mbona huyu mwanafunzi simwoni!"

"Ulikuwa unaniona kila siku. Nilikuwa nyuma yako, naosha."

Daktari alitaka kucheka, akaacha. Mwishowe wakakubaliana: atabadilisha chumvi zote na kuandaa maabara yeye mwenyewe, Mama asikanyage mlangoni mpaka siku ya mtihani. Mama Chupa akamkabidhi ufunguo. Wiki hiyo yote alikuwa akiupapasa mfukoni na kuukosa.

Siku ya mtihani alisimama koridoni na watoto wa miaka kumi na tisa, koti jeupe mwilini, namba kifuani. Kutoka ndani ikasikika glasi ikivunjika, kisha droo zikifunguliwa na kufungwa. Binti mwenye miwani, namba thelathini na tatu, akamsogelea.

"Mama, kama wewe uko huku, nani yuko ndani?"

"Daktari."

"Mungu wangu," alisema binti, na wote wawili wakacheka kwa kujibana.

Swali la tatu lilikuwa la kutambua chumvi kwa rangi ya moto. Unachovya ncha ya waya kwenye chumvi, unaitia motoni, unasoma rangi. Mama Chupa alipoutia waya wake motoni bila kitu, kuujaribu tu, moto ukawaka manjano, akaelewa papo hapo. Nyaya zilikuwa chafu. Kila mwaka, siku mbili kabla, yeye huziloweka kwenye tindikali na kuziunguza moja moja, kwa sababu sodiamu iliyo katika mabaki ya chumvi ya kawaida, hata katika jasho la vidole, huwaka manjano makali na kufunika rangi nyingine yoyote. Kazi hiyo haikuandikwa popote. Hakuna aliyewahi kumwagiza aifanye, na Daktari asingeweza kuijua.

Akatazama meza za wengine. Moto manjano, manjano kila mahali, na kalamu zikiandika sodiamu. Yeye akaanza kusafisha waya wake: tindikali, moto, tindikali, moto. Msimamizi alipita mara mbili akimshangaa. Baada ya mara thelathini na kitu moto ukatulia, hauna rangi. Akachovya chumvi. Ikatokea zambarau hafifu, iliyopita haraka. Potasiamu. Alikuwa amemaliza shahada yake, na furaha ilimpanda mpaka kooni.

Kisha akamwona binti mwenye miwani. Alikuwa ameandika sodiamu na kuipigia mistari miwili.

Hapo furaha ikamtoka. Darasa zima lingekosa swali lile kwa sababu ya nyaya ambazo mwaka mwingine wowote zingekuwa safi. Aliwahurumia, na vilevile aliwakasirikia, kwa nini liwe leo, kwa nini liwe langu, nimebeba miaka minane! Aliweka kalamu chini, akaishika tena. Kwenye ukurasa wa mwisho akaandika, kwa ule mwandiko wake wa lebo: "Nyaya hazikusafishwa. Walioandika sodiamu wameona manjano kweli. Mtayarishaji." Akalikata hilo neno la mwisho, akaandika namba thelathini na nne.

Daktari aliposoma maneno hayo hakuficha kitu. Aliinamisha kichwa, akalipeleka suala kwenye bodi ya mitihani. Bodi ikafuta mtihani, urudiwe baada ya miezi mitatu. Usajili wa Mama Chupa ulikuwa umebakiza wiki sita. Daktari alipanda ngazi za utawala mara nne kumwombea, wakamsikiliza vizuri sana. Wakaandika barua ya kumsifu Mama kwa uaminifu, yenye muhuri, na barua ya pili ya kumfuta kwenye orodha ya wanafunzi. Zote mbili zilikuja siku moja.

Jioni hiyo mumewe alizisoma akiwa bado na rangi vidoleni. Kwa mara ya kwanza hakutania.

"Nikupigie mistari mingine?"

"Usiniulize leo," alisema. "Leo naumia tu."

Ilipokuja bahasha ya marudio, aliifungua bila kusita, maana sasa hapakuwa na la kumzuia. Daktari alikuwa ameandika meza arobaini na moja, kama mara ya kwanza, ingawa watahiniwa sasa walikuwa arobaini. Labda alisahau, labda hakuwa na moyo wa kupunguza. Mama Chupa naye hakumuuliza. Aliloweka nyaya arobaini na moja, akaziunguza moja moja mpaka kila moto ukawa hauna rangi, akazipanga mezani.

Siku yenyewe alisimama nyuma, karibu na sinki. Binti mwenye miwani akachovya, akatia motoni, akaiona zambarau. Akageuka kumtafuta, uso umechanua. Mama Chupa akamwashiria kwa kidole: tazama mbele, mtihani haujaisha.

Walipotoka, akapita meza kwa meza na bakuli la tindikali akikusanya nyaya zilizotumika. Alipofika namba thelathini na nne akaushika waya, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa safi, haukuguswa. Huo hakuutia kwenye bakuli, akaurudisha kwenye kisanduku chake.