Namba Tisa

Kabla ya jambo lolote kutokea, hali ya shule ilikuwa hivi. Ilisimama upande wa Nachingwea, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka Chiola, mahali ambapo mashamba ya wazazi huvuka mpaka wa wilaya na kuingia Ruangwa bila mtu kuonyeshwa mpaka wenyewe uko wapi. Vyumba vilikuwa vinne kwa madarasa saba, kwa hiyo darasa la tano na la sita yalikaa katika chumba kimoja yakipeana migongo, kila upande na ubao wake. Bango la ikama, yaani orodha ya watumishi, ukutani mwa ofisi lilitaja walimu watatu. Tulikuwa wawili: mimi, niliyefika Januari kuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mmoja wa kike, mzaliwa wa kata ile ile, aliyekuwapo tangu paa la kwanza lilipokuwa la nyasi. Wa tatu alikwisha kuhama zamani. Jina lake lilibaki kwenye bango na kiti chake kilibaki ofisini, wala hakuna aliyekikalia, hata siku za wageni.

Kulikuwa pia na desturi moja, ambayo mimi sikuijua, na ambayo wengine wote waliijua kiasi cha kutoona haja ya kuieleza. Likizo ya Desemba ni majira ya jando na unyago. Mtoto huingia na jina la utotoni, hutoka na jina jingine. Lile la kwanza haliwekwi akiba. Huachwa huko huko, kama nguo alizoingia nazo. Kumwita mtu kwa jina hilo baada ya hapo ni kumtukana, na mwenyewe akiliitikia amejitukana na amewatukana waliomfunda. Wazee huzungumza juu ya mtoto wa zamani kama wanavyozungumza juu ya marehemu: kwa uchache, na bila kumtaja. Tena mambo ya unyago mwanamke hamsimulii mwanamume, sembuse mgeni.

Walimu walionitangulia walikwisha kuipatia desturi hiyo njia yake, ingawa hakuna aliyeiandika popote. Mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza alipewa namba, na alipanda na namba hiyo hadi la saba. Daftari lilitunza jina la kwanza, kwa kuwa ndilo lililokuwa katika kumbukumbu za serikali. Mdomo wa mwalimu uliita namba.

Mwisho, kulikuwa na kanuni ambayo haikutegemea desturi ya mtu yeyote. Ambaye hayumo katika orodha ya watahiniwa wa darasa la saba hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani haendi sekondari. Pale kwetu, asiyekwenda sekondari aliishika njia ya shambani, na njia hiyo ilikuwa haina kituo kingine.

Wiki ya kwanza ya muhula alifika bibi mmoja na mjukuu wake wa kike. Bibi alikuwa msemaji wa Kimwera. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi na chenye nguvu. Aliketi sakafuni, akakikataa kile kiti kitupu nilichomvutia, akaniambia kwamba huyu ndiye aliyebaki katika nyumba yake, kwamba mama wa mtoto hakumaliza shule, na kwamba yeye mwenyewe hakuianza.

"Mwalimu, huyu macho yangu," alisema. "Mwaka huu afanye mtihani. Mimi sitaki kingine."

Nilimwahidi. Nikamwuliza binti jina lake, akanitajia. Niliangalia daftari la darasa la saba, nililolinakili kwa mkono wangu kutoka lile la darasa la sita, na jina hilo sikuliona. Nilimwuliza shamba lao liko wapi. Bibi akaelekeza kidole upande wa Likunja, ng'ambo, katika Ruangwa. Nikahitimisha, kwa mantiki ambayo hata leo siioni kasoro yake isipokuwa kwamba haikuwa kweli, kwamba mtoto amehama kutoka wilaya ya jirani. Nikaliandika jina lake mwisho wa orodha kwa penseli, nikamtaka alete barua ya uhamisho.

"Sijahama, mwalimu," alisema yule binti.

Nilimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba kutoka wilaya moja kwenda nyingine ndiko kuhama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitika "ndiyo," kwa sababu ya adabu.

Jumatatu iliyofuata nilianza kuita mahudhurio. Nilikuja na agizo la kuondoa wanafunzi hewa, yaani majina yanayohesabiwa katika uandikishaji ilhali hayana mtoto, na nilikusudia kulitimiza kwa ukamilifu. Mwalimu mwenzangu alinifuata mlangoni.

"Mkuu, hapa huwa tunaita namba."

Nilimjibu kwamba namba ni za mifugo na wafungwa.

"Na watahiniwa," alisema, akacheka kidogo. Alisubiri kama mtu aliyeacha mlango wazi. Sikuingia. Akaenda zake kwa darasa la kwanza.

Basi niliita majina. Watoto wa kigangoni na watoto wa msikitini waliitika mmoja mmoja, "nipo, nipo," na sauti zao zilikuwa za kawaida mpaka nilipofika namba tisa. Nililisoma jina la tisa kwa sauti. Darasa lote likainamisha vichwa. Si mnong'ono, si kicheko. Nyuso zote zilielekea madawatini kwa pamoja, kama majani ya mtama upepo ukipita. Nililirudia. Mahali fulani mbele yangu mtu alivuta pumzi. Niliandika kwamba hayupo, nikaendelea na namba kumi.

Majina mengine mawili yalipokewa hivyo hivyo siku ile. Wenye hayo mawili walikuja kwangu kabla ya wiki kwisha, wavulana wakubwa wenye wazazi wenye maneno, na baba zao wakaniambia niandike jina jipya pembeni ya lile la zamani. Niliandika, nikidhani ni mazoea ya ukoo wao tu. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya namba tisa. Bibi yake alikuwa ng'ambo, akilinda mahindi dhidi ya nguruwe pori.

Niliendelea kuita. Kila asubuhi, kwa majuma saba, nilisimama usawa wa ubao na kuliita lile jina mara mbili, kwa sauti iliyofunzwa kusikika nyuma ya chumba. Baada ya muda nilianza kulingoja. Nilijikuta nikipunguza mwendo nilipokaribia namba nane. Ukimya uliofuata haukuwa ule wa mtoto mtoro, ambao watoto huujaza upesi: amekwenda shambani, mwalimu, anaumwa, mwalimu. Ulikuwa na uzito wa mtu aliyepo. Mara moja nilihisi kwa hakika kwamba nimejibiwa, nikainua macho, na macho yaliyokuwa yakinitazama yalikuwa ya yule binti wa ng'ambo, dawati la pili, aliyeandikwa kwa penseli. Alikuwa amekaa wima. Hakulia. Nilidhani ananingoja nifike mwisho wa orodha, kwenye jina lake.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwisho wa orodha aliitika, "nipo."

Siku ya kukamilisha orodha ya watahiniwa niliitenda kazi yangu kwa uangalifu. Namba tisa alikuwa na kumbukumbu kamili tangu darasa la kwanza, lakini hakuwa amehudhuria hata siku moja. Nikamfuta kwa sababu ya utoro, nikaandika sababu hiyo kwa wino. Yule wa penseli alihudhuria kila siku, lakini hakuwa na kumbukumbu wala barua. Nikamwacha akisubiri barua. Namba zilizobaki zikasogea juu kuziba pengo. Nilipiga mhuri. Nakumbuka kuridhika kwangu: orodha ilikuwa safi, na kila jina lilikuwa na mtu.

Bibi alipopita Aprili nilimwambia barua haijafika. Aliniuliza barua ya nani. Nilimwambia ya shule aliyotoka mtoto. Alitazama nje, kwenye uwanja, kwenye darasa alilomleta mjukuu wake mwenyewe miaka sita iliyopita, kisha akauliza tu kama mtoto atafanya mtihani. Nilisema, barua ikifika. Alinishukuru.

Tulifanya mtihani wa majaribio mwezi wa Julai. Nilisahihisha hisabati ofisini, mwalimu mwenzangu akisahihisha Kiswahili mbele yangu. Karatasi iliyozishinda zote haikuwa na jina. Mahali pa jina paliandikwa tarakimu moja, tisa. Nilikasirika, nilidhani ni mzaha wa watoto dhidi ya mtoro. Nilimsogezea mwenzangu karatasi nikamwuliza kama anaujua mwandiko.

Hakuhitaji hata kuishika.

"Huyo ni namba tisa, mkuu. Ni namba tisa tangu la kwanza."

Nilimwambia namba tisa hayupo.

Aliweka kalamu chini. Kisha alinena kwa sauti ya chini, akitazama kile kiti kitupu badala ya kunitazama mimi. "Yupo dawati la pili. Desemba aliingia ndani. Yule unayemwita hawezi kukuitika. Na mimi siwezi kusema zaidi ya hapo."

Niliinuka, nikatoa kabatini madaftari ya mazoezi ya namba tisa ya mwaka uliopita. Nilifanya kama nilivyofunzwa kufanya na maandishi yoyote yanayoshukiwa: niliyaweka kando kwa kando na karatasi ile. Saba yenye mstari tumboni. Nne iliyoachwa wazi juu. Mkono ni mmoja. Nilihesabu pia mambo mengine, ambayo hayakuhitaji ushahidi: asubuhi zile zote, na jina lililozikwa na watu wake nikilifukua mara mbili mbele ya yule aliyebaki hai, na adabu yake ya kutotoka nje.

Nilimwuliza mwenzangu kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia mlangoni," alisema.

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi Nachingwea mjini. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mpole, mwenye mafaili mpaka dirishani. Nilimweleza tangu mwanzo, kwa mpangilio. Alisikiliza akigonga kalamu mezani, halafu akaniomba nirudie sehemu ya katikati.

"Yaani mtoto ni mmoja, majina mawili," alisema, "na wewe mwalimu mkuu umefanikiwa kumkosa kwa yote mawili."

Nilikiri kwamba ndivyo. Hakuendelea na utani. Alinionyesha kwenye mashine: jina la kwanza limefutwa kwa utoro, kwa hati yangu na mhuri wangu, jina la pili halijawahi kuwapo, na orodha ilikwisha kufungwa na kwenda juu. Nilimwuliza kama kuna mtu wa kuifungua. Alisema aandikiwe huyo mtu, na akaniandikia barua yeye mwenyewe, barua nzuri. Jibu lake halikuja kabla ya Septemba, mwezi wa mtihani.

Nilimwambia binti, nikiwa na mwenzangu. Sikulitaja jina lolote. Nilisema kosa ni langu. Aliuliza kama atafanya mwaka mwingine, nikasema ndiyo, nitahakikisha. Alinitazama kama alivyonitazama zile asubuhi, akaitika "ndiyo," kwa adabu ile ile.

Siku ya mtihani alikuja. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi na viatu vimefutwa. Alikaa kwenye jiwe nje ya mpaka wa uwanja, mahali ambapo askari na wasimamizi hawakuwa na neno naye. Msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, alisimama mlangoni na orodha, akaanza kuita. Aliita kwa namba.

"Tisa."

"Nipo," alisema msichana aliyekuwa wa kumi kabla sijasogeza orodha.

Kwenye jiwe, yule mwingine alikuwa amekwisha kusimama. Alibaki amesimama hivyo, mkono mmoja ukiwa kwenye ukosi wa shati, mpaka mlango ulipofungwa.

Desemba bibi alikuja ofisini. Nilikuwa nimetayarisha kila kitu: fomu za kukariri darasa, barua ya maelezo, hata nafasi ya namba tisa nilikuwa nimeiacha wazi katika daftari jipya. Nilimweleza. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Utamwandika jina lipi?" aliuliza.

Nilisema lolote atakalo yeye.

"Umemwita maiti humu kila siku," alisema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya udongo. "Kila siku, mwalimu. Humu hapakaliki tena."

Mwalimu mwenzangu alimsindikiza mpaka njiani. Walizungumza kwa Kimwera, kwa muda mrefu, na aliporudi hakunitafsiria.

Matokeo yalipotoka, watahiniwa wote wa shule yetu walikuwa wamefaulu, na katika kikao cha walimu wakuu nilipewa cheti. Januari nilirudisha utaratibu wa kuita namba. Bibi na mjukuu wake walivuka kwenda Ruangwa kabla ya mvua kukolea, wakalima ufuta upande wa Likunja, na binti hakuandikishwa katika shule yoyote.