Kuketi kwa Mzaliwa Wetu wa Kwanza

Waliosababisha mzaliwa wetu wa kwanza achelewe kuketi ni wawili: mamzele, mwanamke wa Kizungu asiyeolewa, aliyeongoza fuaye ya wanawake mjini Bukavu, na mimi, karani wa masjala, niliyetekeleza maagizo yake. Mke wangu hakuhusika. Nalitamka hili mwanzoni kwa kuwa kadi ya mtoto inasema kinyume, na kadi hiyo ina sahihi yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Tulikaa Kadutu, mtaa wa Waafrika, nami nilikuwa nimeomba kadi ya sifa ya kiraia, ile waliyopewa Waafrika waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Kabla ya kuipata ulikaguliwa nyumbani: uma na visu, mapazia, choo, na jinsi mke alivyolea. Ukaguzi wa malezi ulikuwa kazi ya fuaye, nyumba ambamo wake za makarani walifundishwa kupiga pasi, kufuma soksi na kuogesha watoto. Mamzele mwenyewe hakuwa na mtoto. Alifundishia mwanasesere, na lazima nikiri kwamba mwanasesere huyo alikuwa na nidhamu ya ajabu: hakulia, hakutapika, na alilala saa zile zile zilizoandikwa ukutani.

Ukutani hapo palikuwa pia na chati iliyochapwa Ulaya. Mwezi wa pili mtoto acheke. Wa nne shingo ikaze. Wa saba aketi bila kushikwa. Mwanangu alicheka kwa wakati, tena alimcheka mamzele, jambo lililoandikwa kadini kama maendeleo mazuri. Shingo nayo haikuchelewa. Kisha ukaja waraka wa mamzele: kumbeba mtoto mgongoni kunapinda miguu, tena ni ushenzi, kila mtoto alazwe katika kitanda chenye fito, mchoro umeambatishwa. Nilimpelekea seremala mchoro huo siku hiyo hiyo. Mke wangu aliuliza mgongo wa mtoto utajifunza nini kwa kulala kutwa. Nilimjibu kwamba waraka hauulizwi maswali.

Siku ya ukaguzi wa mwezi wa saba, mamzele alifika kwa gari kutoka Muhumba, mtaa wa Wazungu, akamketisha mtoto mkekani. Mtoto akaanguka upande wa kushoto. Akamketisha tena, akaanguka upande wa kulia, bila upendeleo.

“Mama, mutoto hapana kukaa,” mamzele akasema. “Wewe nabeba yeye mugongo kila siku.”

“Hapana, mamzele. Tangu miezi tatu sijamubeba. Analalaka tu mule mu kitanda yenu.”

Mamzele alitabasamu kama mtu aliyezoea kudanganywa, akaandika kadini: *Amechelewa. Uzembe wa mama, anayembeba mgongoni.* Akaninyooshea kalamu.

“Papa,” mke wangu akaniambia polepole, “weye njo unajua kusoma. Soma mbele ya kusaini.”

Nilisoma. Kisha nikasaini, kwa sababu kadi ya sifa ilikuwa bado mezani kwa wakubwa.

Juma lililofuata mama yangu mzazi alifika kwa lori kutoka Luvungi. Alisimama mbele ya kitanda cha fito, mikono kiunoni.

“Papa, huyu mutoto alifanya kosa gani?”

“Kosa gani, mama?”

“Nauliza. Naona munamufunga.”

Hakungoja maelezo yangu kuhusu waraka. Alichukua beseni la kufulia, akazungushia blanketi ndani, akamketisha mjukuu wake katikati kama chungu kwenye kata yake, naye na mke wangu wakaendelea kuchambua maharage. Mtoto aliegemea huku, blanketi likamrudisha. Akaegemea kule, likamrudisha. Alipochoka alipandishwa mgongoni kwa bibi yake, akaenda sokoni na kurudi akiwa ameshika shingo na kiuno chake mwenyewe. Haikupita hata wiki tatu, blanketi likatolewa, na mtoto akabaki ameketi, akipiga beseni kwa kijiko tulichonunulia ukaguzi.

Mamzele aliporudi, mimi mwenyewe nilikuwa nimelificha beseni na kumrudisha mtoto kitandani. Alimkuta ameketi wima nyuma ya fito. Akaandika, kwa herufi kubwa kidogo kuliko za kwanza, kwamba mafanikio hayo yametokana na kitanda. Mama yangu alikuwa jikoni, akicheka peke yake.

Siku tatu baadaye nilikwenda fuaye kuomba mstari wa kwanza urekebishwe. Nilimweleza mamzele utaratibu, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu: kosa hukatwa kwa mstari mmoja, sahihi huwekwa pembeni, tarehe huandikwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Karani, wewe natia sahihi. Sasa wewe nasema ni uongo?” Kisha, kwa upole: “Na kadi yako ya sifa, nataka ao hapana taka?”

Niliaga kwa adabu. Kadi nilipewa, na picha ikapigwa mbele ya ofisi. Mke wangu hayumo katika picha hiyo; alisema ana nguo za kufua.

Juzi mjukuu wetu alianza kuketi. Mke wangu alimtazama sana, halafu akaniuliza, “Ile karatasi, ulishaka kuitengeneza?” Nimestaafu baada ya kusahihisha kumbukumbu za watu wengi nisiowajua, lakini hiyo moja bado.

Kwa hiyo nadai, kwa maandishi haya, kwamba yeyote anayetunza sasa makabati ya fuaye ile aitafute kadi hiyo. Aukate mstari unaotaja uzembe wa mama. Aandike pembeni kwamba si kweli, pamoja na sahihi na tarehe. Na ampelekee mke wangu nakala, kwa jina lake na si kwa kupitia kwangu. Tamko langu la kukiri kwamba nilisaini huku nikijua liwekwe katika jalada hilo hilo. Jibu lisilotaja anayewajibika sitalipokea.