Siku Niliyoomba Kura Rodeshia

Nimeketi kwenye baraza la wilaya miaka mingi, nimebishana na Bwana Diisii, yule Mzungu mkuu wa wilaya, mpaka akanikaribisha chai, lakini watu wa rika langu kutoka Iyula mpaka Tunduma ukiwatajia jina langu hawakumbuki hayo, wanakumbuka ile Jumapili tu, na mimi nimeshachoka kununa, kwa hiyo heri niwasimulie mwenyewe kuliko mkaisikie kwa wanaoongeza chumvi (wapo wanaosema nilivuliwa suruali, jambo ambalo halikutokea).

Ilikuwa enzi za Mwingereza, serikali ilipokubali kwamba baadhi ya wajumbe wa baraza wachaguliwe na wananchi wenyewe. Mimi nilikuwa mkulima wa kahawa, Mnyiha, ninajulikana kwetu Iyula, ila huku chini kwa Wanamwanga nilikuwa najulikana kama mume wa dada yao, basi. Mpinzani wangu, Bwana Mgala, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe na kila boma alikuwa amekwisha kunywa pombe ya hapo. Bila kura za upande wa Tunduma sikuwa na changu. Shemeji yangu Simukoko akaniahidi kukusanya watu kijijini kwake baada ya ibada na kuchinja mbuzi, kisha akaniambia, "Ukishapita Tunduma njia zinagawanyika, shemeji. Uliza. Usione aibu."

Nikaondoka na baiskeli, suti ya kaki imepigwa pasi, tai nimeiazima kwa mwalimu. Pale njia zilipogawanyika nikamkuta mama mmoja amebeba kuni, akasimama kabisa akinisubiri niseme neno, nami nikafikiria: mtu anayetaka kuwawakilisha watu hawa, anaulizaje njia ya kwenda kwao? Nikamsalimia kwa heshima kubwa, nikashika njia ya kushoto kama mwenye nayo.

Nikaendesha, nikaendesha, mashamba ya ulezi, vichaka, mpaka nikaona kanisa la udongo na watu wanatoka, wengi, wamevaa vizuri. Moyo ukafurahi. Nikasema Simukoko ni mwanaume! Shemeji mwenyewe sikumwona, nikadhani yuko kwenye nyama. Wazee wakanipokea, wakaniletea kiti, na jamaa mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu kule Lupa akajitolea kutafsiri maana Kiswahili changu wengi hawakukielewa vizuri (hata hilo halikunishtua, jamani).

Sijawahi kuhutubia vile tena maishani. Niliahidi zahanati. Niliahidi kisima. Niliposema kodi ya kichwa inawaumiza wanyonge, akina mama walipiga vigelegele, na mimi nikapandisha sauti zaidi, tai ikinikaba. Kisha mzee mmoja akainuka taratibu, akasema maneno, mkalimani akanigeukia.

"Anakushukuru sana. Anauliza, hayo yote utamwambia Bwana Diisii wetu wa Isoka lini?"

"Mwambie amekosea," nikajibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Diisii wetu yuko Mbeya."

Mkalimani hakutafsiri. Akanitazama kwanza.

"Bwana, Mbeya ni Tanganyika."

"Ndiyo."

"Hapa ni Rodeshia."

Kumbe nilikuwa nimevuka mpaka bila kujua, nimeingia nchi ambayo leo ni Zambia. Nikaangalia chini, sijui nilitegemea kuona nini, udongo ulikuwa uleule. Yeye akawageukia watu akawaeleza, na kile kicheko, ndugu zangu, kilianzia kwa wazee kikaenda mpaka kwa watoto kikarudi tena. Walicheka bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniumiza. Wakanilisha ugali na kuku, nikala nikiwa sioni ladha, halafu wakasema mgeni mwenye maneno mazuri hivi haachwi apotee tena, wakaamua kunisindikiza. Niliwasihi wasijisumbue. Wakaja kundi zima, wanaimba, mmoja akisukuma baiskeli yangu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kijijini kwa Simukoko jua likielekea kushuka: na kwaya ya Warodeshia. Watu walikuwa wamenisubiri wakachoka. Bwana Mgala, aliyekuwa akipita na ng'ombe wake, aliona mkusanyiko hauna msemaji akahutubia yeye, na sasa alikuwa ameketi kwenye kiti changu ana paja la mbuzi mkononi. Wenyeji wangu wapya hawakuficha kitu, walisimulia yote kwa Kinamwanga, maana Wanamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na ndugu zao wa upande huu wakaangua kicheko cha pili.

"Msimcheke," Mgala akasema, anatafuna. "Mwenzetu ameanza na mambo ya nje."

Shemeji hakucheka. Alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mbuzi wangu, shemeji, nimemchinjia Mgala," akaenda zake nyumbani. Hilo liliniuma kuliko kushindwa. Na nilishindwa, vibaya, maana siku hizo kura ilipigwa kwa kusimama mstari nyuma ya unayemtaka, na hata baadhi ya watu wa Iyula walijipanga nyuma ya Mgala, nikiwaona kwa macho yangu.

Uchaguzi uliofuata nilipata, na uliofuata tena. Lakini tangu siku ile nikifika mahali, hata kama nimezaliwa hapo, sifungui mdomo kuahidi lolote kabla sijauliza, "Jamani, hapa ni wapi, na kodi mnamlipa nani?" Wanacheka. Wacha wacheke.