Aliyestahili Kuninyoa

Mume wangu tulimzika kwao, magharibi, siku ya Jumamosi. Jumapili jioni nilikuwa nimesharudi mjini, nyumbani kwangu Buruburu. Aliyeamua hivyo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Alisimama kando ya kaburi na maikrofoni akatangaza kwamba sisi ni watu waliookoka, tena wa kisasa, kwa hivyo hakutakuwa na mambo ya kunyoana. Watu wakasema amina. Mimi sikuulizwa. Mjane siku hizo ni kama kiti cha plastiki: kila mtu anakuhamisha, hakuna anayekusemesha.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, waliofiwa hunyolewa. Mjane hunyolewa na mjane mwenzake, maana mkono unaokugusa sharti uwe umeyapitia. Akimaliza, anakuambia mbele ya watu kwamba matanga yameanuliwa, uende ukapike, ucheke ukitaka. Nilipokuwa msichana niliyaona hayo mambo ya kizamani. Sasa nilikuwa peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu, nikipakua chakula najikuta nimetoa sahani mbili, na sikujua kama bado naomboleza au nimemaliza. Nani angeniambia?

Binti yangu alipiga simu kutoka Mombasa.

"Mum, huzuni ni kitu cha moyoni. Nywele zinaingiaje hapo?"

"Huko moyoni hakuna anayeniona," nikamjibu.

Akaniuliza kama nimekula.

Kwa hasira nikaenda kwa kinyozi karibu na steji ya matatu. Akanifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. "Mathe, leo tuchape style gani?" Hakuwa na kosa, ndiyo kazi yake. Lakini nilitazama sakafuni, nikaona nywele za wateja wote zimefagiliwa rundo moja, nikavua kile kitambaa nikatoka.

Jirani yangu wa mlango wa mkabala alimzika mumewe miaka mingi kabla sisi hatujahamia. Ni mtu wa Mkoa wa Kati, na tangu tuhamie tulikuwa tukisalimiana getini tu: habari ya asubuhi, maji yamerudi? Kesho yake mchana nikachukua beseni, sabuni na wembe mpya, nikabisha kwake. Nilimweleza yote pale pale mlangoni, kabla ujasiri haujaniishia.

"Lakini mimi siyajui mambo ya kwenu, dada," akasema. "Si nitaharibu?"

"Wewe ni mjane. Hayo mengine nitakuelekeza."

Akazima TV. Nilikaa kwenye kigoda uani kwake, chini ya kamba ya nguo, naye akaanza kisogoni. Hakuniambia pole hata mara moja, nikamshukuru kimoyomoyo, kwa sababu pole nilikuwa nimezishiba. Kaburini sikulia. Hapo nililia hadi kamasi, na yeye akawa ananishika kichwa kisitingishike, asije akanikata.

Alipomaliza, nilimfundisha maneno. Aliyarudia polepole, kwa Kiswahili chake cha kutafuta.

"Matanga yameanuliwa. Nenda ukapike. Cheka ukitaka."

Hakukuwa na ukoo wala wazee, hakukuwa na mtu mwingine yeyote wa kushuhudia. Hata hivyo niliamini. Kichwa kilikuwa chepesi, upepo ukikipiga, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilihisi njaa.

Nikangoja anipe taulo. Yeye alikuwa bado amesimama nyuma yangu na wembe mkononi. Nilipogeuka, alikuwa anafungua kilemba chake. Nywele zilikuwa nyeupe, zimesukwa mistari iliyopinda, kazi ya mtu aliyejisuka mwenyewe bila wa kumshikia kioo.

"Mimi hakuna aliyeniambia," akasema.

Nikainuka kwenye kigoda, nikampisha akae.