Mlango Ndani ya Lipu

Mama Vifungo alikuwa mshonaji, na jina hilo alibandikwa na wateja kwa sababu hakuna nguo ambayo hakuipatia mahali pa kuweka kifungo, hata foronya. Mumewe alipokuwa hai, ufa wa ukuta wa sebuleni ulikuwa kazi ya mume peke yake. Mvua zikiisha alikoroga saruji na mchanga kwenye beseni kuukuu, akauziba, akapaka rangi, akanawa mikono. Mkewe akisema waite fundi, alikuwa akijibu, "Fundi wa nini? Ukuta unapumua tu huo." Mvua zikirudi, ufa nao ulirudi palepale.

Mume akafariki, na ufa ukarudi vilevile, kana kwamba haukupewa habari za msiba. Safari hii Mama Vifungo akaita fundi, bwana mmoja mnene mwenye maneno kuliko mchanga.

"Msingi umezama, mama," alitamka hata kabla ya kushusha mfuko wa vifaa. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa. "Aa, hapana. Paa ndilo linasukuma." Akasogea tena. "Lakini mbona ufa umenyooka hivi? Unapanda kutoka sakafuni, unakata kona, unashuka tena. Kama umepigwa rula!"

Akagonga kwa nyundo, akaingiza patasi. Lipu ikaanguka kipande kizima, vumbi likajaa sebule. Lilipotulia, ikaonekana mbao, na kwenye mbao bawaba mbili zenye kutu.

"Mama, ulificha mlango?"

"Mimi? Nimeolewa humu msichana, leo nina wajukuu. Sijawahi kuona mlango hapo!"

Akampigia simu wifi yake, dada mdogo wa marehemu, aliyezaliwa katika nyumba ile.

"Mlango gani, wifi?" dada huyo akacheka. "Pale pana ukuta. Wewe pumzika, msiba umekuchosha."

"Sijachoka. Njoo uone."

Wifi alikuja na kicheko chake mdomoni. Alipoiona fremu kikakatika. Akazishika bawaba, kisha akaketi chini kwenye vifusi na gauni lake zuri.

"Kuna ndoto naiota tangu utotoni," akasema polepole. "Napita ukutani, naingia chumba cha kijani, mwanamke ananisuka nywele huku anaimba. Sijawahi kumwambia mtu. Ningeonekana nina wazimu."

Fundi akaiweka nyundo chini.

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na nyumba ya jirani, dereva mstaafu. Walipobisha hodi alikimbilia kupunguza redio, akidhani wamekuja kulalamika. Walipomweleza akawatazama mmoja mmoja, kisha akawapeleka chumbani. Kuta zilikuwa nyeupe. Wifi akashusha pumzi. Lakini jirani alipolisogeza kabati, kwenye kona ambayo brashi haikuwahi kufika palibaki rangi ya zamani. Ilikuwa ya kijani.

"Nyumba uliinunua kwa nani?" Mama Vifungo akauliza.

"Kwa watoto wa mama mmoja, alikuwa ameshafariki. Nasikia alikuwa msusi."

Wifi akajishika nywele.

Msusi huyo alikuwa nani kwao? Rafiki wa mama yao? Mke mwingine wa baba? Na nani aliuziba mlango ule, na kwa ugomvi gani? Hakubaki mtu wa kuulizwa. Aliyejua alikuwa marehemu, mkubwa wa wifi kwa miaka mingi, na yeye alinyamaza mpaka kaburini. Mama Vifungo hakujua amkasirikie au amhurumie. Kila mwaka mtu anaziba mlango mbele ya macho yako, halafu anakwambia ukuta unapumua!

Fundi alikuwa akiwasubiri. Akaeleza kwamba mbao zikinywa unyevu huvimba, matofali hayavimbi, ndiyo maana lipu inapasuka pembeni mwa fremu. "Sasa nifunge au nifungue?"

"Funga," wifi akasema. "Hapana, fungua. Ngoja kwanza… funga."

"Mkifungua mtanikuta kitandani," akakumbusha jirani, aliyekuwa amewafuata.

Wakafunga. Fundi aling'oa fremu, akajaza matofali, akapigilia wavu wa waya wa banda la kuku juu ya maungio, akamwagia maji, akapiga lipu na kuilainisha mpaka mkono ukiteleza hausikii kitu. Mvua zilikuja, zikapita, na ukuta haukufanya hata mstari. Mama Vifungo alisukuma cherehani yake pale, maana mwanga wa dirishani unafika vizuri.

Wifi ndiye hajatulia. Tangu siku ile hana hakika ndoto zake zipi ni ndoto na zipi ni kumbukumbu, na karibu kila asubuhi hupiga simu.

"Wifi, eti uani paliwahi kuwa na kisima?"

"Sijui, wifi yangu."

"Na ngazi ya mbao je? Naiona kabisa."

Mama Vifungo huacha kushona, akachungulia uani kupitia dirisha, kisha akaigonga sakafu kwa kisigino, asikie kama ina uwazi chini yake.