Merle na Morris Inayomisi

Merle Tranter alitimiza miaka themanini na mitano siku ya Jumanne, na serikali ikamkumbuka kabla hata mwanawe hajampigia simu. Barua ilisema kwamba kwa umri huo, anayetaka kuendelea kuendesha gari afike mjini afanye upya mtihani wa barabarani. Merle aliisoma jikoni, wanakondoo wawili yatima wakimtafuna pindo la gauni, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Alianza kuendesha gari kabla hata mama wa huyo atakayemtahini hajazaliwa.

Lakini kicheko kile kilikuwa na woga ndani yake. Shamba lake liko kilomita kumi na moja nje ya Temora, mji mdogo wa Australia, basi halipiti, na mwanawe Graham alikwisha kusema bila kuzunguka: "Mama, leseni ikienda, unakuja kukaa kwetu Wollongong. Chumba kipo, juu ya gereji." Merle alikwisha kukiona chumba hicho. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na kondoo haruhusiwi.

Gari lenyewe ni Morris Minor ya mwaka 1959, rangi ya krimu, aliyoinunua mpya na marehemu mumewe Alf. Kwa watu wa klabu ya magari ya kale, hiyo Morris ni hazina. Kwa Merle ni chombo cha kwendea dukani. Hata hivyo siku ya kuzaliwa kwake klabu walimletea keki, wakapiga makofi, kisha wakamkabidhi kifuniko kipya cha tangi la mafuta, kinang'aa kama kioo, kimechongwa jina lake. Cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu, wakakitupa palepale. Merle alitokwa na machozi kidogo, na keki akala vipande vitatu.

Siku chache baadaye Morris ikaanza visa. Asubuhi iliwaka vizuri, ikatoka getini kwa heshima zote, halafu baada ya robo saa hivi ikaanza kumisi. Ikakohoa, ikajikwaa, ikashtuka mbele na nyuma mpaka mayai ya Merle yakapasuka kwenye kikapu. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki moja.

Akampigia simu Col Whittaker, mwenyekiti wa klabu, aliyeendesha malori ya ngano miaka thelathini na anayeamini kwamba ubaya wote wa dunia unatokana na umeme. Col alianza kama anavyoanza siku zote: akafungua kifuniko cha tangi, akaingiza pua, akavuta harufu ya petroli, akafunga. "Mafuta safi," akasema. Akabadilisha plagi zote nne, wakazunguka shamba, gari likaimba kama cherehani. Kesho yake likamisi tena.

Akaja Noel Pascoe, fundi mstaafu wa reli, yeye dini yake ni kabureta. Naye akafungua tangi kwanza, akatumbukiza kijiti, akakitazama, akafunga. Akasafisha kabureta mpaka ungeweza kunywea chai. Gari likatulia. Kesho yake, yaleyale.

Ilipofika Ijumaa walikuwa wote wawili uani, vichwa chini ya boneti, makalio juu.

"Umeme huo, Bi Merle. Sikia unavyokatika," alisema Col.

"Umeme wapi, wewe?" alisema Noel. "Wewe hata ukiumwa jino unabadilisha plagi."

"Na wewe ulipofunga ndoa si ulianza kumkagua bibi harusi kabureta?"

"Jamani," alisema Merle, akileta skonzi za maboga kwa mara ya pili, "hili gari halijanywa mafuta mengi kama chai mliyokunywa ninyi. Jumatatu napanda na mtahini. Mtanipeleka wapi nikishindwa? Juu ya gereji?"

Col akarudisha kichwa chini ya boneti. Noel akachukua skonzi moja bila kumtazama usoni.

Jumatatu Morris ilifika mjini inakohoa. Col na Noel walikuwa wakimngoja mbele ya ofisi ya leseni, mashati yamepigwa pasi. Noel akakimbilia tangi, akafungua, akanusa, akafunga. Col akakaza waya za plagi. Mtahini akatoka: Kirsten Doolan, binti wa miaka ishirini na kitu, ameshika ubao wa fomu kifuani.

"Habari ya asubuhi, Bi Tranter. Tuko tayari?"

"Mimi niko tayari tangu mwaka hamsini na tisa."

Wakaondoka. Merle alizunguka mzunguko wa barabara kwa adabu, akapita shuleni mwendo wa konokono, akarudi nyuma na kupaki katikati ya malori mawili bila kuyagusa. Moyo ulikuwa unamcheza kama msichana. Wakaingia barabara kuu, na hapo ndipo alipohisi, kwenye unyayo kabla ya sikio: injini imeruka pigo moja. Halafu jingine. Halafu Morris ikaanza kuwatikisa wote wawili kama maharage kwenye kopo.

"Gari lina tatizo?" aliuliza Kirsten.

"Lina mafua tu." Merle akatazama vioo, akawasha indiketa, akasogea pembeni vizuri kabisa, akavuta breki ya mkono. "Nipe dakika mbili, mwanangu."

"Dakika mbili sawa. Lakini likigoma, bibi, mtihani unaishia hapa. Sheria sikuitunga mimi."

Merle alishuka. Hakujua lolote la plagi wala kabureta. Alijua tu wale wawili huanza wapi, akaanza hapohapo: akazungusha kifuniko chenye jina lake. Tangi likavuta pumzi ndefu, *fuuu*, kama mtu aliyetua mzigo.

Merle akasimama, kifuniko mkononi. Sauti hiyo alikuwa ameisikia alfajiri ileile jikoni. Mwanakondoo akinyonya chupa kwa pupa, chupa hubonyea, maziwa hukataa kutoka, naye hukasirika na kupiga mateke. Unachomoa chuchu mdomoni, hewa inaingia, *fuuu*, maziwa yanashuka tena. Kifuniko cha zamani kilikuwa na kitundu cha hewa. Hiki kizuri, cha kung'aa, hakina; na tangi likikosa hewa, mafuta nayo hukataa kutoka. Col alifungua, Noel akafungua, hewa ikaingia, na kila mmoja akaenda nyumbani akijisifu.

Alicheka. Alicheka ameegemea gari, katikati ya Temora, mchana kweupe, mpaka mwenye bucha akatoka kutazama.

Kirsten alishusha kioo. "Bi Tranter, uko salama?"

"Niko salama kabisa. Gari langu lilikuwa linanyonya chupa."

Kirsten akaandika kitu kwenye fomu. Merle akakiweka kifuniko kwa kukilegeza, nusu mzunguko tu, akarudi kwenye usukani. Morris ikawaka, ikanguruma laini, ikawarudisha mpaka ofisini bila kikohozi hata kimoja.

"Umefaulu," alisema Kirsten. "Leseni ya miaka miwili."

"Na ulichoandika pale?"

"Dereva alisimamisha gari kwa usalama. Kucheka hakumo kwenye fomu."

Nje, Col alikuwa ameshaanza. "Si niliwaambia? Plagi."

"Kabureta," alisema Noel.

Merle aliwatazama wazee wake hao wawili na mashati yao ya pasi, akawapenda sana. "Mmelitengeneza nyote," akasema. "Kila mmoja zaidi ya mara moja." Wakavimba vichwa papo hapo, naye akawasha gari.

Kwenye kona ya kwenda shambani mkono wake ulikuwa tayari kwenye indiketa. Haukuiwasha. Wanakondoo wangeweza kungoja nusu saa. Akashusha vioo, upepo wa mashamba ya ngano ukamvuruga nywele, akaendelea mbele kuelekea mji wa West Wyalong, ambako hakuwa na shughuli yoyote, na hapakuwa na mtu duniani mwenye haki ya kumwambia ageuze.