Moja ya Tano ya Mkate wa Bibi

Harufu ya iliki na tui linaloungulia ukingoni mwa sufuria hunirudisha Kibuyuni, kwenye Ramadhani ya mwaka niliokuwa darasa la nne. Bibi alikuwa akipika mkate wa kumimina, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, huku mama akirudi kutoka kuvuna mwani baharini, vidole vimekunjamana kwa maji ya chumvi. Siku hiyo nilikuwa nimekosa hesabu za sehemu. Niliandika kwamba moja ya tano ni kubwa kuliko robo, kwa kuwa tano inaizidi nne, na mwalimu akalikata jibu langu kwa wino mwekundu. Dada yangu Riziki alilitangaza nyumbani kabla sijavua viatu. Jua lilipokaribia kuzama, Bibi alinipa kisu nikate mkate.

Nikatazama waliokuwa mkekani: Bibi, mama, Riziki na mimi. Nikakata vipande vinne, nikavipima kwa macho mara tatu nikiogopa kumdhulumu mtu. Bibi akaviangalia.

"Na babako tumemzika lini?"

Baba alikuwa amepeleka watalii kisiwani Funzi, na kwetu aliye baharini hukatiwa fungu lake kabla ya yeyote kuonja. Nusura nilie. Bibi akaniamuru niikate kila robo vijipande vitano, kisha nitoe kijipande kimoja kwenye kila robo. Vijipande vinne vikawa fungu la baba, na kila mmoja wetu akabaki na vinne. Haba na haba hujaza kibaba, akasema, sasa kamwambie mwalimu wako ipi kubwa. Nikaiona mwenyewe: robo ilikuwa imepungua ili tutoshe watano.

Siku hizi nafundisha watoto sehemu huko Ukunda, kwa mikate ya kuchora ubaoni, nikisubiri kazi niliyoisomea. Ramadhani hii kuna siku nilishika simu tangu alasiri, nikitunga namna ya kuuliza, bila kuonekana nauliza, kama bado nakatiwa fungu. Mwishowe nikamuuliza mama amekata vipande vingapi.

"Vinne, mwanangu. Chako nimekifunika."

Nilishukuru. Kisha nikahesabu: baba, mama, Riziki, mimi. Bibi tulimzika mwaka jana. Fungu langu limekuwa robo. Wanafunzi wangu wakiniuliza, nitawaambia robo ndiyo kubwa. Lakini moyo wangu bado unaandika jibu lile lililokatwa kwa wino mwekundu.